Trei Thelathini na Sita za Maembe

Siku nilipofuta mashamba manne kwa kitambaa kimoja, nilikuwa napigana na sisimizi tu.

Nieleze kwanza mahali penyewe. Sisi tunakausha maembe. Wakulima wanayaleta kwenye kreti, tunayaosha, tunayamenya, tunayakata vipande, tunavipanga kwenye trei zenye fremu ya mbao na wavu, kisha trei zinaingia bandani. Mabanda ni mawili, na kila banda ni refu, paa lake ni nailoni inayopitisha jua, na ukifungua mlango saa sita mchana joto linakupokea kama mtu aliyekuwa anakusubiri kwa hamu.

Miezi minne nimefanya kazi pale na bado sijalizoea lile banda. Unaingia Jumatatu, vipande vimelala vimelowa, vizito, vya njano ya kila siku. Unaingia Jumatano, vimekuwa viumbe wengine. Vimejikunja kingo, vimeiva rangi ya asali, na ukiinua kimoja juu, mwanga unapita ndani yake na kukuonyesha nyuzi zake zote, kama mishipa kwenye sikio la mtoto aliyelala karibu na dirisha. Kilo kumi zimebaki kilo moja, na utamu wote umekataa kuondoka. Hakuna sukari iliyoongezwa, hakuna dawa. Jua tu, na upepo, na kusubiri. Mara ya kwanza kuliona hilo nilisimama mdomo wazi hadi Shangazi akanigusa bega.

"Funga mdomo, mwanangu. Utakauka na wewe."

Shangazi ni dada yake baba, na ndiye aliyeniombea kazi. Wakataji tuko wanne, yeye ndiye mkubwa wetu. Wa pili tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Wa tatu ni Kijiko, mrefu, mwembamba, anakata kwa mkono wa kushoto, na kutwa nzima anaweza kusema maneno matatu, mawili kati yake yakiwa salamu. Mimi wananiita Mwanafunzi, kwa sababu jioni nasoma. Nikitoka kazini nampitia binti yangu kwa mama, namlisha, namrudisha kwa bibi yake, ndipo naenda darasani. Ana mwaka mmoja na miezi miwili, na meno sita anayoyaonea fahari kama mtu aliyeyanunua.

Sasa kanuni, maana hadithi yote imo humo. Maembe yetu ni ya kilimo hai. Mkulima hapulizi dawa ya wadudu, hatii mbolea ya chumvichumvi, anatumia samadi na majani na mikono ya watu wa nyumbani kwake. Mashamba yenyewe ni madogo, mengine ukisimama mwanzo unamwona mtu wa mwisho na unaweza kumuuliza hali. Shamba likishaachana na dawa, linakaa miaka mitatu likisubiri ardhi isafike. Hiyo miaka tunaiita mpito. Embe la mpito tunalikausha kama mengine, ila halipati muhuri wa kilimo hai, na ni mwiko kulichanganya na yenye muhuri. Yakichanganyika, muhuri unavuliwa kwenye mzigo wote.

Wiki hiyo bandani mlikuwa na mashamba manne. Matatu yana muhuri. La nne ni la mpito, la bwana mmoja tunayemwita Baba Mapacha, aliyebakiza msimu mmoja tu. Kwa kuogopa mchanganyiko, kila mkataji hupewa shamba moja kwa siku, analikata yeye peke yake, na anaandika namba ya shamba kwenye fremu ya kila trei. Anaandika kwa chaki. Rangi na wino haviruhusiwi karibu na tunda, basi ni chaki. Mimi nilipewa namba nne. Mgeni hupewa la mpito, akiharibu asiharibu pakubwa.

Ndivyo walivyofikiri.

Ilikuwa alasiri ya Jumatano. Wenzangu wamekwenda kunywa chai, nami nikaingia banda la pili kutazama kama vipande viko tayari. Nikaona mstari mweusi unapanda mguu wa meza. Nikaufuata kwa macho. Umefika kwenye fremu ya trei ya chini, umevuka ya pili, unaelekea ya tatu, na wenyewe wanatembea kwa adabu, mmoja nyuma ya mwenzake, kama watu walioalikwa.

Dawa hatupulizi hata kwa utani. Dawa yetu ni maji ya ndimu. Sisimizi hafuati macho, anafuata harufu ya aliyemtangulia. Futa njia kwa ndimu, anasimama, anashangaa, anarudi kwao. Nikakamua ndimu kwenye ndoo, nikachukua kitambaa safi, nikaanza. Nilifuta fremu ya kwanza, pande zote nne. Ya pili. Ya tano. Jasho linanitoka, najiambia hakuna sisimizi hata mmoja atakayeonja jasho la wakulima wa watu. Nilifuta trei zote thelathini na sita. Nilipomaliza nilisimama, mikono kiunoni, najisifu. Kisha nikakamua kitambaa.

Maji yalitoka meupe kama ya kuoshea mchele.

Nilitazama yale maji kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili. Halafu nikatazama fremu. Mbao safi, zinanukia ndimu. Hakuna moja, hakuna mbili, hakuna tatu, hakuna nne. Na mahali trei ilipokaa hapakusaidii kitu, kwa sababu trei tunazizungusha asubuhi na mchana, ya juu inashuka, ya pembeni inaenda kati, ili zote zipate jua sawasawa. Vipande thelathini na sita mara mia, vyote rangi ya asali, vimenitazama kimya.

Na kesho yake asubuhi alikuwa anakuja mkaguzi wa muhuri, anayekuja mara moja kwa mwaka.

Chaki ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nitasema kweli: niliitoa. Nikaandika moja kwenye trei iliyokuwa karibu. Ilitoka moja nzuri, imenyooka, mwalimu wangu wa jioni angeipenda. Nani angejua? Embe ni embe. Nikaitazama ile namba, na sijui kwa nini nikamwona mama mwenzangu, mtu nisiyemjua, amesimama mahali nisipopajua, ameshika pakiti, anasoma maandishi ya muhuri kabla hajampa mtoto wake. Anasoma polepole, kama ninavyosoma mimi. Anaamini.

Nikaifuta ile moja kwa kiganja.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaenda kwenye chai na ndoo yangu mkononi, kama mtu anayepeleka ushahidi wake mwenyewe polisi.

"Nimefuta namba," nikasema.

"Namba gani?" akauliza Redio, mdomo umejaa mkate.

"Zote. Za banda la pili. Sisimizi walikuwa wanapanda."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Redio alizima. Msimamizi wetu, mama mwenye miwani inayokaa kwenye paji la uso kuliko kwenye macho, aliishusha miwani mahali pake. Akatazama ndoo. Akanitazama mimi.

"Sisimizi wamekwisha?"

"Wamekwisha, mama."

"Angalau hilo." Akaketi. "Jamani. Mashamba matatu. Watu wamelima mwaka mzima kwa jembe la mkono wasitumie hata tone la dawa, halafu embe lao liondoke bila muhuri kama la gulioni."

Nilianza kulia, na nilichukia kulia, kwa sababu kilio hakiandiki namba. Shangazi hakunibembeleza. Alimaliza chai yake, akageuza kikombe kifudifudi, akasimama.

"Twende tukazione."

"Tukazione nini, Shangazi?" nikamuuliza. "Hakuna kitu kilichoandikwa."

"Wewe twende."

Tuliingia bandani sote watano. Shangazi alipita katikati ya meza mikono imefungwa nyuma, kama mtu anayekagua gwaride. Akasimama kwenye trei ya nne.

"Hii yangu," akasema. Akapiga hatua mbili. "Na hii. Hii siyo. Hii yangu."

Nilidhani ananifariji. Nikasogea. Akachukua kipande kwenye ile trei aliyosema ni yake, akaniwekea kiganjani.

"Pitisha kidole. Unasikia nini?"

"Hakuna kitu. Ni laini."

"Toka mwanzo mpaka mwisho unene mmoja. Nimekata embe miaka kumi na tisa, mwanangu. Sasa shika hiki."

Cha pili kilikuwa na kituo katikati, kama ngazi moja ndogo sana, mahali kisu kilipotulia halafu kikaendelea.

"Hapo," akasema Shangazi, "ni pale alipokuwa anacheka."

"Ni mimi huyo!" Redio akaruka. "Wallahi ni mimi! Hebu nione. Aa, hii ilikuwa ile habari ya fundi na mkwe wake. Mnakumbuka?"

"Umetusimulia mara tatu," akasema Kijiko, akawa amemaliza maneno yake ya siku.

Vya Kijiko sikuhitaji kuelezwa. Mtu wa kushoto kisu chake kinaingia kutoka upande mwingine, na vipande vyake vyote vililalia upande mmoja, kama majani yaliyopitiwa na upepo. Na alivipanga kimoja kikipanda kidogo juu ya mwenzake, kama magamba ya samaki. Miezi minne nimekaa meza moja na mtu yule, na sikuwahi kuona kwamba trei yake inapendeza kuliko kitambaa cha harusi.

Basi wakaanza. Hii yangu, hii yako, hii ya Redio, hapa palikuwa na kicheko kirefu. Walikuwa wanatembea kati ya zile trei kama akina mama kwenye lango la shule, kila mmoja anamjua wake kwa kisogo. Nilihisi nywele zinanisimama mikononi, katikati ya joto lile. Kitu nilichokiona kila siku kilikuwa kimejaa maandishi, na mimi mwenye daftari na kalamu ndiye pekee niliyekuwa sijui kusoma.

Trei ishirini na saba zilipata wenyewe. Zikabaki tisa.

"Hizo zako," akasema Msimamizi.

"Kwa sababu zimebaki tu," nikasema. "Mimi sina mkono, mama. Nina miezi minne. Nakata ovyo."

Redio akacheka. "Ovyo? Njoo hapa, Mwanafunzi. Tangu mwezi wako wa kwanza tunazijua zako. Tazama ncha."

Nikatazama. Kila kipande, mwisho wake ulikuwa umekatwa kidogo, butu, hakikuachwa na ncha kali kama vya wengine. Na vilikuwa vyembamba, havizidi upana wa vidole viwili.

"Unakata kama mtu anayemkatia mtoto asiye na magego," akasema Shangazi. "Ncha isimchome ufizi. Nilitaka kukukanya wiki ya kwanza, kisha nikaacha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkono ni hivyo hivyo."

Nilikaa kwenye kreti tupu. Sikuwa nimefikiri jambo hilo hata siku moja. Mikono yangu ilikuwa kazini na bado inamlisha binti yangu.

"Vizuri sana," akasema Msimamizi, "lakini mkaguzi hali maneno. Kesho wewe mwenyewe ndiye utakayemwambia."

Mkaguzi alikuwa bwana mfupi mwenye begi la mgongoni na viatu vilivyopigwa rangi hadi unajiona. Nilimweleza yote pale mlangoni, sisimizi, ndimu, kitambaa, na ile moja niliyoiandika nikaifuta. Sikuruka kitu. Alisikiliza huku anaangalia fremu zilizo wazi. Msimamizi akamfungulia daftari la zamu, linaloonyesha nani alikata shamba gani siku ile. Kisha Shangazi akaeleza habari ya mikono.

"Mama yangu," mkaguzi akasema kwa upole, "nakuheshimu sana. Lakini nikiandika kwenye ripoti kwamba embe limetambuliwa kwa kicheko, watanifukuza kazi."

"Basi tujaribu," akasema Shangazi.

Mkaguzi akafikiri. Akaingia banda la kwanza peke yake, ambako namba za chaki zilikuwa bado zipo na wakataji ni sisi sisi. Alichukua vipande kumi vya kila mkataji, akavitia vya kila mmoja alama yake ndogo ya sindano, akaiandika kwenye karatasi yake, akavichanganya kwenye sinia. Tulimsikia anavipindua kama karata. Alipotoka hakumpa Shangazi lile sinia. Aliniletea mimi.

"Hao wengine nawaamini kidogo, wana miaka. Lakini shamba la mpito lilikatwa na wewe. Kama mkono wako haujulikani, namba nne imeenea kote na mimi sina njia. Tenganisha vyako. Wewe, siyo wao."

Nilimtazama Shangazi. Alitazama paa.

Nilikaa mezani, nikavuta sinia. Mwanzoni niliangalia tu, na macho yakanidanganya, kila kipande kikafanana na changu. Nikaviacha. Nikafumba macho. Nikajiuliza swali moja: hiki ningempa? Nikashika kimoja, nikapitisha kidole gumba mwishoni. Kina ncha. Pembeni. Cha pili kina kile kituo cha Redio, pembeni. Cha tatu ni butu, chembamba, na nikasikia kabisa mkono wangu mwenyewe ukinishika kutoka upande wa pili wa embe. Nikakiweka mbele yangu.

Sijui ilichukua muda gani. Redio alikuwa kimya, na huo peke yake ulikuwa muujiza wa pili wiki ile. Nilipofumbua macho nilikuwa na vipande kumi mbele yangu, thelathini kulia, na kimoja nimekishikilia.

"Umebakiza," akasema mkaguzi.

"Hiki sikiwezi."

"Kiko butu. Siyo chako?"

Kilikuwa butu kweli. Chembamba kweli. Nilikigeuza, nikakipitisha kidole mara ya tatu na ya nne. Kila upande sawa. Mwanzo sawa na mwisho. Shangazi anakata sawa, lakini sawa ya Shangazi ina pumzi ndani yake, unahisi mahali alipovuta bega. Hiki hakikuwa na bega. Kilikuwa kama mtu anayekutazama bila kupepesa.

Nikampa Shangazi. Akakigusa, akampa Kijiko. Kijiko akatikisa kichwa. Redio akakinusa, akakirudisha haraka.

"Hiki hakina mama hapa," akasema Redio.

"Hakina mama popote," nikasema mimi, na sauti yangu ikanishangaza kwa jinsi isivyotetemeka. "Hiki hakikukatwa na mtu."

Mkaguzi alitoa karatasi yake. Aliisoma, akatafuta alama kwenye vyangu, akahesabu kumi, akahesabu tena. Kisha akafungua begi, akatoa pakiti ndogo iliyofunguliwa, akaiweka mezani.

"Nilinunua njiani," akasema. "Kiwanda kikubwa. Wanakata kwa mashine."

Nadhani sote tuliogopa kidogo, kama watu waliotupa jiwe gizani wakasikia limegonga mlango. Mkaguzi aliketi kwenye kreti bila kuangalia kama ni safi, na suruali yake ile iliyopigwa pasi.

"Miaka kumi na moja nakagua," akasema polepole. "Nakagua namba. Nakagua lebo. Hakuna siku niliyokagua kipande." Akachukua kimoja cha Kijiko, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama mpaka tukaona aibu kumtazama. "Na walaji hawajui. Wanatafuna tu."

"Watajuaje," akasema Redio, "na sisi wenyewe hatukujua kwamba tunajua?"

Aliandika kwa muda mrefu. Alitusomea: kanuni inataka alama inayofuatika kutoka kwenye tunda hadi shambani, na haisemi alama hiyo lazima iwe ya chaki. Alama imepatikana, imejaribiwa mbele yake, daftari la zamu limethibitisha. Mashamba matatu yanabaki na muhuri wake. Trei tisa za namba nne zifungwe mbele ya macho yake, kando, bila muhuri, kama inavyopasa. Na kuanzia wiki ijayo kila trei iwe na kibati kilichotobolewa namba kwa msumari, kitu ambacho ndimu haiwezi kukila. Hapo alinitupia jicho, lakini la utani.

Tulifunga trei zangu tisa kwanza. Nilivimimina vipande kwenye mfuko mkubwa usio na maandishi, vikateremka kwa sauti kama ya mvua inayoanza juu ya majani makavu. Vitauzwa kama embe la kawaida, na atakayevila hatajua lolote, ila pengine atashangaa kwamba havikumchoma popote. Msimu ujao Baba Mapacha atapata muhuri wake, na nimeshaomba niendelee kulikata shamba lake.

Mwisho mkaguzi akanigeuzia karatasi.

"Weka sahihi hapa, kwamba trei tisa ni zako."

Nilishika kalamu. Darasani tumefundishwa sahihi, nimeifanyia mazoezi nyuma ya daftari kurasa nzima. Lakini mkono ulikuwa umechoka, au umefurahi mno, na sahihi ikatoka imepinda, herufi ya kwanza imemlalia mwenzake kama mlevi. Nikaomba radhi, nikataka kuifuta niandike tena.

"Acha!" wakasema wote kwa pamoja, na Msimamizi akanipokonya kitambaa kilichokuwa begani mwangu.

Nje lori la asubuhi lilikuwa limeshaingia na kreti mpya zinashushwa, na Shangazi alishaanza kufunga aproni.